Mwili Unapojila: Somo la Protini kwa Mocímboa da Praia

*Mwanasayansi wa Boston alitumia zaidi ya nusu karne kuchunguza jinsi seli zinavyovunja protini zake. Alichokigundua kinawahusu watoto wa pwani ya Cabo Delgado kuliko watu wengi wanavyodhani.*

Utepe wa kupimia utapiamlo huzungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, kisha husomwa kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzingo wa mkono wake haufiki sentimeta 11.5 huangukia kwenye nyekundu, na maana yake ni kwamba asipotibiwa anaweza kufa. Utepe huu unajulikana sana Mocímboa da Praia, mji wa bandari wa kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ambako familia zilianza kurejea mwaka 2022 na kukuta nyumba bila paa, mashamba yaliyomezwa na pori na hospitali iliyobomolewa. Kinachopimwa pale mkononi ni mafuta kidogo na misuli. Mtoto aliyekuwa na nyama miezi 3 iliyopita sasa hana. Imekwenda wapi? Imevunjwa na mwili wenyewe, protini moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ambao seli huuanzisha, huuongoza na huulipia gharama. Kukonda kwa njaa ni kazi ambayo mwili unaifanya, na anayetaka kuizuia lazima ajue inavyofanywa.

Hoja ya makala hii inaanzia hapo. Kwa muda mrefu utapiamlo mkali umehesabiwa kuwa ni upungufu tu: chakula hakipo, kileteni, mtoto atapona. Ushahidi wa baiolojia ya seli unaonyesha jambo zito zaidi. Mtoto aliyefika kwenye nyekundu ana ugonjwa wenye hatua zake, dawa zake na saa yake, na kumlisha ovyo kunaweza kumuua. Kwa hiyo chakula chake kinastahili kukaa kwenye bajeti ya dawa za taifa, karibu na dawa ya malaria. Hakistahili kuachwa kwenye fungu la hisani ambalo mfadhili hulifungua na kulifunga apendavyo.

Mji uliorudiwa

Historia ya karibuni ya mji inajulikana, na muhtasari unatosha. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, na vita vya Cabo Delgado vikaanzia hapo. Agosti 2020 waliuteka mji pamoja na bandari yake, wakaushikilia karibu mwaka mzima hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipouchukua tena tarehe 8 Agosti 2021. Katika vita hivyo zaidi ya watu milioni 1 wa jimbo walilazimika kuhama kwa nyakati mbalimbali. Katikati ya hayo kimbunga Kenneth kilipiga Aprili 2019, na kimbunga Chido kikapiga Desemba 2024 upande wa kusini wa jimbo. Hata kabla ya kuhesabu vita, Msumbiji ina mzigo wa zamani: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 na 2023 uliwakuta watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Mvuvi asiyeweza kwenda baharini kwa usalama hukosa samaki wa kuuza na wa kupika. Mkulima aliyekimbia msimu mmoja hukosa mavuno ya msimu huo na mbegu za msimu unaofuata. Kinachobaki chunguni ni muhogo, na muhogo una wanga mwingi lakini protini yake ni haba.

Mtu aliyeuliza misuli inakwenda wapi

Alfred Goldberg alizaliwa mwaka 1942 huko Providence, Marekani, na alifundisha Chuo cha Tiba cha Harvard hadi uzee wake. Alifariki Aprili 2023. Alipoanza utafiti katika miaka ya 1960, wanabaiolojia wengi walishughulikia namna seli inavyojenga protini, kwa kuwa siri ya jeni ilikuwa imefunuliwa hivi karibuni na kila mtu alitaka kusoma maandishi yake. Uvunjaji ulionekana kazi ya wazoa taka. Goldberg alishika upande huo uliopuuzwa kwa sababu ya swali lililotoka kwenye misuli: kwa nini msuli uliokatiwa neva, au wa mnyama aliyefunga kula, hupungua upesi namna ile? Mwaka 1969 alionyesha kwamba msuli uliokatwa neva haupungui kwa sababu tu umeacha kujengwa. Uvunjaji wenyewe huongezeka. Jibu hilo linaonekana dogo, lakini liligeuza swali zima, kwa kuwa kinachoongezeka lazima kiwe na mtambo unaokifanya na amri inayouwasha.

Mtambo huo haukuwa lisosomu, kile kifuko cha vimeng'enya ambacho Christian de Duve wa Ubelgiji alikuwa amekigundua mwaka 1955. Mwaka 1977 Goldberg na Joseph Etlinger walitumia chembe changa za damu ya sungura, ambazo hazina lisosomu, na wakakuta kwamba zinavunja protini mbovu vizuri kabisa, mradi zipewe ATP, sarafu ya nishati ya seli. Hapa palikuwa na fumbo. Kuvunja protini, kwa hesabu za kemia, hakuhitaji nishati. Kwa nini basi seli ilipe? Jibu lililokuja kukubalika ni kwamba seli hulipia uchaguzi: hulipa ili ivunje kile tu kinachotakiwa kuvunjwa, wakati unaotakiwa. Avram Hershko na Aaron Ciechanover wa Israel, wakishirikiana na Irwin Rose wa Marekani, ndio waliofumbua uchaguzi huo unavyofanyika. Protini iliyohukumiwa hubandikwa alama, nayo ni protini ndogo iitwayo yubikwitini. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Goldberg hakuwa miongoni mwao, ingawa mfumo usiotegemea lisosomu ulianza kuonekana wazi katika maabara yake, na mwaka 1988 yeye na wenzake walikipa chombo cha kukatia jina linalotumika hadi leo: proteasomu.

Proteasomu ni chombo cha umbo la mcheduara kilicho wazi ndani. Protini yenye alama hunyooshwa, husukumwa ndani na kukatwa vipande vidogo, ambavyo hatimaye hurudi kuwa asidi amino. Kazi hii haisimami. Mtu mzima mwenye afya huvunja na kujenga upya takriban gramu 250 hadi 300 za protini kila siku, nyingi kuliko anazokula. Mwili haukai kama ulivyojengwa. Hukaa kwa mizani kati ya kuvunja na kujenga, na mizani hiyo ikielemea upande mmoja kwa wiki kadhaa, mkono wa mtoto hupoteza sentimeta.

> Seli hulipa nishati ili ivunje kile tu kinachotakiwa kuvunjwa, wakati unaotakiwa.

Mwaka 2001 maabara ya Goldberg ilieleza jeni iitwayo atrojini-1, ambayo huwaka sana katika misuli ya panya walionyimwa chakula. Mwaka huohuo watafiti wengine waliieleza jeni hiyohiyo pamoja na mwenzake, MuRF1. Zote mbili husaidia kubandika alama ya yubikwitini kwenye protini za misuli. Lililofuata ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kazi yake yote. Timu yake ililinganisha misuli ya wanyama wenye njaa, wenye kisukari, wenye saratani na wenye figo zilizofeli, ikakuta kundi moja la jeni linabadilika kwa namna ileile katika hali zote 4. Kwa macho ya msuli, basi, njaa na ugonjwa huwasha programu moja. Anayesema njaa ni jambo la jikoni na ugonjwa ni jambo la hospitali anatenganisha vitu ambavyo seli haivitenganishi.

Homa nayo hula misuli

Kuna ushahidi wa mapema zaidi unaoigusa pwani hii moja kwa moja. Mwaka 1983 Goldberg na wenzake, pamoja na Charles Dinarello aliyekuwa mtaalamu wa homa, walionyesha kwamba kemikali ambayo chembe nyeupe za damu huitoa wakati wa maambukizi, ile inayopandisha joto la mwili, huongeza pia uvunjaji wa protini katika misuli. Kwa mtu aliyeshiba hilo ni jambo la busara la kimaumbile: asidi amino kutoka misulini hupelekwa kwenye ini kutengeneza protini za kinga. Kwa mtoto asiye na akiba ni hasara juu ya hasara. Malaria moja, kipindupindu kimoja, surua moja, na mizani inaelemea zaidi, hata kama kijiko cha uji hakikupungua.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutaka mtoto mwenye utapiamlo mkali apewe antibiotiki hata kabla maambukizi hayajaonekana, kwa kuwa mwili dhaifu mara nyingi hushindwa hata kupandisha homa. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2013, uliohusisha watoto 2,767, ulikuta vifo asilimia 7.4 kwa waliopata chakula dawa (chakula cha tiba cha karanga na maziwa) peke yake na asilimia 4.8 kwa walioongezewa amoksilini. Ni kweli kwamba utafiti wa Niger uliofuata mwaka 2016 haukuona faida kama hiyo katika kupona lishe, na kwa hiyo mjadala wa antibiotiki kwa kila mtoto haujaisha. Lakini wanaobishana hapo wanabishana kama waganga wanavyobishana juu ya dozi. Hakuna anayebishana kwamba chandarua, chanjo na maji safi huokoa misuli.

Dawa iliyopata njia nyingine

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mtambo wa kuvunja misuli ulijulikana, kwa nini haikutengenezwa dawa ya kuuzima? Ilijaribiwa. Mwaka 1993 Goldberg alishiriki kuanzisha kampuni ya MyoGenics, na lengo la mwanzo lilikuwa hilohilo, kupunguza upotevu wa misuli kwa kuizuia proteasomu. Kutoka katika juhudi hizo ilizaliwa bortezomibu, ambayo mwaka 2003 iliidhinishwa Marekani kutibu mieloma, saratani ya seli za uboho. Seli za mieloma hutengeneza protini za kinga kwa wingi usio wa kawaida. Ukizifungia mlango wa kuondolea protini mbovu, zinasongwa na mzigo wao na kufa. Wagonjwa wengi wameongezewa miaka ya kuishi, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka bortezomibu kwenye orodha ya dawa muhimu.

Wapo wanaoisoma hadithi hii kwa uchungu: swali lilitoka kwa wenye njaa, jibu likawaendea wenye bima. Uchungu huo nauelewa, lakini kama hoja haukamiliki. Kuizima proteasomu katika mwili wa mtoto mwenye njaa kungekuwa hatari kubwa, kwa sababu uvunjaji ule ndio unaomweka hai. George Cahill, aliyechunguza watu waliofunga kula kwa wiki kadhaa huko Boston katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba mwanzoni mwili huvunja takriban gramu 75 za protini kwa siku ili ini litengeneze sukari ya ubongo. Baadaye ubongo hujifunza kutumia ketoni zinazotokana na mafuta, na uvunjaji hushuka hadi takriban gramu 20. Mwili unafanya kama mwenye nyumba anayeng'oa milango yake kuwa kuni ili moto usizime, na anayeng'oa kidogokidogo ili nyumba isianguke. Ukimkataza kung'oa bila kumletea kuni, umemzimia moto. Dawa ya hali hii ni kuugeuza mwili urudi upande wa kujenga, na ufunguo wa kuugeuza ni chakula kinachoingia kwa mpango, kwa sababu insulini inayopanda baada ya mlo ndiyo inayozima zile jeni za kuvunja.

Neno zito hapo ni mpango. Mtoto aliyekaa wiki nyingi akijivunja amepunguza kila kitu: moyo hupiga kwa unyonge, figo na ini hufanya kazi nusu, chumvi za ndani ya seli zimevuja. Ukimpa ghafla mlo mkubwa wenye protini na sukari nyingi, insulini inasukuma fosfeti na potasiamu ndani ya seli kwa pupa, damu inabaki tupu, na moyo unaweza kusimama. Mwaka 1996 Claire Schofield na Ann Ashworth walipitia ripoti za hospitali za karibu nusu karne, wakakuta kwamba vifo vya watoto wenye utapiamlo mkali vilikuwa vimebaki kati ya asilimia 20 na 30 tangu miaka ya 1950, na wakasema sababu kubwa ni matibabu yasiyo sahihi. Chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni ujuzi. Maziwa ya hatua ya kwanza, F-75, yana gramu 0.9 tu za protini katika kila mililita 100, nayo hutolewa kidogo kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Mwili ukishatulia ndipo hupewa F-100, yenye gramu 2.9, au chakula dawa cha karanga.

> Mwaka 1996 ilibainika kuwa vifo vilibaki asilimia 20 hadi 30 kwa sababu kubwa ya matibabu yasiyo sahihi.

Kosa la enzi ya protini

Pingamizi kali kuliko yote linatoka Afrika Mashariki yenyewe, na linastahili jibu refu. Wanasayansi wamewahi kutupotosha kwa jina la protini. Baada ya Cicely Williams kuieleza kwashakoo huko Gold Coast katika miaka ya 1930, hospitali ya Mulago mjini Kampala iligeuka kitovu cha utafiti wa ugonjwa huo duniani. Hugh Trowell, Jack Davies na Rex Dean waliandika kitabu kikubwa juu yake mwaka 1954, na Roger Whitehead akaendelea kupima asidi amino katika damu za watoto wa Buganda. Kutoka hapo dunia ilikata shauri kwamba tatizo la maskini ni protini tu. Umoja wa Mataifa ulitoa tahadhari ya janga la protini, maziwa ya unga yakamwagwa, viwanda vikatafuta protini kwenye samaki, pamba na hata mafuta ya petroli. Mwaka 1974 Donald McLaren, ambaye aliwahi kufanya utafiti Tanganyika, aliandika katika jarida la Lancet kwamba yote hayo yalikuwa kosa kubwa: watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa jumla, na protini waliyopewa ilichomwa kama kuni.

McLaren alikuwa na haki, na baiolojia ya uvunjaji wa protini inamuunga mkono. Kosa la enzi ile lilikuwa kutazama sahani na kuiacha mizani. Mtoto asiye na nishati ya kutosha huvunja hata protini nzuri aliyolishwa asubuhi, kwa hiyo kumwagia protini bila nishati ni kupoteza vyote viwili. Mulago wenyewe walikuwa wameanza kuliona hilo kabla ya Lancet: kituo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kiliwafundisha akina mama kuchanganya vyakula vya shambani mwao, ndizi, maharage, karanga na mboga, katika mlo mmoja uitwao kitobero. Sayansi iliyokosea ilisahihishwa na sayansi, ikisaidiwa na sufuria za akina mama, na kuitupa yote kwa ajili ya kosa lile kungewarudisha watoto kwenye zile asilimia 20 hadi 30 za vifo.

Muhogo mchungu

Anayetaka kuona mizani ya protini ikiamua maisha ya pwani hii asiangalie mbali. Mwaka 1981, wakati wa ukame, wilaya ya Memba na jirani zake katika jimbo la Nampula zilipatwa na mlipuko wa kupooza miguu. Wenyeji waliuita mantakassa, na madaktari waliokuwa wakifanya kazi Msumbiji, miongoni mwao Julie Cliff na Hans Rosling, walihesabu wagonjwa zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake na watoto. Ulikuwa ugonjwa uitwao konzo. Njaa iliwalazimu watu kula muhogo mchungu kabla haujakaushwa vya kutosha, na sianidi ikabaki ndani yake. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na asidi amino. Aliyekula samaki au maharage anayo salfa ya kutosha. Asiyekula hana pa kuitoa ila kwenye protini za mwili wake. Kupooza kwa konzo hakuponi. Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, nako wagonjwa waliripotiwa mwaka 2002 na 2003.

Howard Bradbury wa Australia alieneza njia nyepesi: unga wa muhogo unalowanishwa, unatandazwa mwembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sianidi inapotea hewani kabla ya kusonga ugali. Haigharimu chochote zaidi ya muda. Familia iliyo mbioni, inayochimba muhogo usiku na kula alfajiri, haina muda huo.

Amani kwanza?

Pingamizi la mwisho ni la kisiasa, na wanaolitoa wana uzito. Wanasema njaa ya Mocímboa da Praia imeletwa na bunduki, na kuzungumzia seli ni kukwepa swali la nani alaumiwe. Kwamba vita ndiyo chanzo, sibishi. Septemba 2025 mauaji yaliurudia mji, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha kazi zao pale. Hakuna F-75 inayofika usiku kwa mtoto ambaye muuguzi wake amekimbia. Lakini amani huja kwa miezi na miaka, nayo misuli ya mtoto huhesabu kwa siku. Anayetaka vyote visubiri mazungumzo anaamua, hata kama hakusudii, nani hatakuwepo mazungumzo yakiisha. Tena kulijua jeraha kwa undani huongeza uzito wa lawama: anayefunga barabara ya chakula kwa mwezi mmoja anasababisha mabadiliko yanayopimika ndani ya mwili wa mtoto, na hilo linaweza kuandikwa kwenye ushahidi.

Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza chakula dawa katika orodha ya dawa muhimu kwa watoto, orodha ileile ya dawa muhimu ambayo bortezomibu iliiingia miaka 4 kabla kwa upande wa watu wazima. Uamuzi huo unazipa wizara za afya msingi wa kukinunua kama zinavyonunua dawa nyingine. Haja ya kufanya hivyo ilionekana wazi mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likigharamia sehemu kubwa ya chakula dawa duniani. Katoni moja ina pakiti 150, kila pakiti gramu 92 na kalori 500, na kwa wastani humtosha mtoto mmoja kwa matibabu yote ya wiki 6 hadi 8. Ndani yake mna karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, na karanga hulimwa Cabo Delgado kwenyewe. Wizara iliyoko Maputo inaweza kuanza na hesabu hiyo: watoto wangapi Mocímboa da Praia, Palma, Macomia na Mueda wako kwenye nyekundu, katoni ngapi, na nani atalinda barabara ya N380 siku katoni hizo zitakapopita.